Karatasi ya Daktari

Nilipoajiriwa katika ofisi ya mipango ya mkoa wetu, kusini mwa Hanoi, mwaka 1997 nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na meza yangu ilitazamana na ya shangazi Thoan, chumba namba tatu. Hakuwa shangazi wa damu. Ila mwanamke wa umri wa mama yako huwezi kumwita jina tupu, na yeye mwenyewe aliniita "we mtoto" tangu siku ya kwanza mpaka leo, na nina watoto wangu wawili.

Alikuwa mwembamba, nywele chache zimebanwa nyuma, sikio la kushoto halisikii vizuri. Alikwenda vitani akiwa na miaka kumi na saba, kwenye kikosi cha wasichana waliofukia mashimo ya mabomu barabara za milimani ili malori yapite. Akarudi na malaria iliyomkausha. Vijana wa rika lake, ambao mmojawao pengine angemuoa, wengi hawakurudi. Jambo hilo alinisimulia mara moja tu, tukimenya balungi mchana, kisha akaniuliza kama nimeshapiga taipu barua za wilaya.

Kazi yake ilikuwa kupokea majalada ya watu waliotaka kufungua kampuni. Watu wa kwetu walikuwa hawajazoea neno hilo. Kwa miaka mingi wakulima na mafundi waliuza kila kitu kwa kampuni ya biashara ya serikali, ikawa ndiyo mnunuzi, ndiyo mpanga bei, ndiyo mlalamikiwa. Ilipovunjwa, kila mtu aliambiwa ajitafutie njia. Njia yenyewe ilipita chumba namba tatu, na ilitaka karatasi kumi na moja: barua ya kata, ya wilaya, ya polisi, hati ya eneo, historia ya maisha yako na ya baba yako, cheti cha daktari kwamba una akili timamu, na nyinginezo. Kila moja ilikuwa na muda wake wa kufa. Ukipata ya tisa, ya pili imekwisha muda.

Wengi waliokuja waliingiza bahasha katikati ya karatasi. Shangazi Thoan aliitoa bahasha kwa ncha za vidole, akaisukuma mezani bila kumtazama mwenyewe, akaendelea kusoma. Vyumba vingine havikuwa hivyo. Ndiyo maana vyumba vingine vilikuwa na feni mpya.

Do Van Khuyen alikuja kwetu mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka ule, siku ya manyunyu, viatu vyake vimelowa. Alikuwa mtengeneza tambi kutoka kijiji kilicho kando ya mto Day, mwendo wa kilomita kumi na saba: zile tambi nyembamba za wanga wa mizizi, zinazoonyesha mwanga kama kioo. Mkewe alikuwa amefariki miaka sita nyuma, na kazi aliifanya na binti yake mmoja, Lua. Alitaka kampuni kwa sababu maduka ya Hanoi hayakununua bila risiti yenye mhuri mwekundu, na mhuri mwekundu hapewi mtu asiye na kampuni.

"Ndugu, barua ya kata iko wapi?" shangazi akamuuliza.

"Mwenyekiti wa kata yuko harusini, afisa."

"Harusi ya siku ngapi?"

"Ya binti yake ilikuwa siku moja. Ya kwake na chupa, leo ni ya tatu."

Shangazi akainamia jalada. Nikaona mabega yake yakitikisika. Miezi minane nilikuwa sijamwona akicheka ofisini.

Akarudi baada ya wiki mbili na barua ya kata. Ikakosekana ya wilaya. Akarudi tena. Safari ya nne alibeba furushi limefungwa kwa jani la mgomba, akaliweka mezani.

"Hatupokei zawadi," shangazi akasema.

"Si zawadi. Fomu yenu inasema nieleze bidhaa. Mimi kuandika si mtu hodari, nikaona niilete ijieleze yenyewe."

"Ichukue, ndugu."

"Shangazi," nikadakia, "bidhaa ikishafika si lazima ikaguliwe?"

Alinitazama kwa jicho la kunikaripia, lakini mchana tulizipika kwenye jiko la mafuta ya taa nyuma ya jengo, na matumbo ya bata niliyonunua langoni. Khuyen alitushikia kifuniko cha sufuria. Alieleza jinsi wanga unavyooshwa maji saba, na jinsi tambi nzuri haikatiki hata ikilala kwenye supu mpaka kesho yake. "Kama mke wa kwanza," akasema. Shangazi akamjibu, "Wa kwanza hakulala kwenye supu, alikuwa anakupikia." Tukacheka wote watatu.

Kutoka hapo "ndugu" ikawa "kaka Khuyen," na "afisa" ikawa "dada Thoan." Sikusikia neno la mapenzi likisemwa. Niliona mambo madogo tu. Shangazi alinunua kitana kipya. Alijua siku za gulio la kijiji kile, siku ambazo Khuyen asingeweza kuja. Akisikia pikipiki uani, yeye mwenye sikio bovu, aliinua kichwa kabla yangu. Na Khuyen, ambaye kila mara angeweza kuliacha jalada kwenye dirisha letu la mapokezi na kuondoka, aliketi kwenye benchi letu na kumweleza habari za Lua: binti ana mkono mwepesi kuliko wake, anaimba akianika tambi, amekataa wachumba wawili kwa sababu hataki kuiacha karakana.

Mwaka mzima ukapita hivyo. Desemba ya 1998 Khuyen aliingia akiwa amechana nywele kwa maji, akaweka jalada mezani kwa mikono miwili. Karatasi zote kumi na moja zilikuwemo.

"Dada, leo nimemaliza. Mwaka mpya huu wa Tet nauza Hanoi kwa risiti yangu mwenyewe. Mwenye duka ameshaniahidi. Tani mbili."

Shangazi Thoan akaanza kufunua, moja moja, polepole kuliko siku zote. Alipofika kwenye karatasi ya daktari akasimama.

"Hapa wameandika Do Khuyen. Wewe ni Do Van Khuyen."

"Van ni Van tu, dada. Nusu ya wanaume wa nchi hii wanaitwa Van."

"Inabidi daktari arekebishe."

Khuyen alitabasamu akidhani ni utani. Alipoona si utani, tabasamu likabaki usoni bila kazi. "Nije lini?"

"Wiki ijayo."

Mwezi mmoja kabla ya hapo mwanamke mmoja muuza matofali alikuwa na kosa lilelile. Shangazi alichukua kalamu yake, akaongeza jina lililokosekana, akagonga mhuri mdogo wa masahihisho, ikaisha. Mimi nilikuwepo. Siku hii nilimtazama, naye akatazama karatasi. Nilijua, naye alijua kwamba najua. Sikusema kitu. Nilikuwa mdogo kazini, na tena niliona ni wiki moja tu, mtu anataka kumwona mtu mara moja zaidi, kuna ubaya gani. Kunyamaza huko ni kwangu, sitamtwika yeye.

Hospitali ya wilaya ilimzungusha siku kumi. Aliporudi, barua ya polisi ilikuwa imekwisha muda siku mbili nyuma. Shangazi angeweza kuipitisha kimya kimya, lakini siku ile mkuu wetu, mzee Dinh, alikuwa amesimama palepale akisubiri chai yake, akaichukua na kuisoma.

"Hii imekufa," akasema.

Shangazi akasimama. "Mzee, kuchelewa huku kumetoka kwetu. Nakuomba ipite."

"Thoan, miaka kumi na tano unawaambia watu sheria ni msumeno. Leo imekuwa uji?"

"Nakuomba."

"Mwambie akaanze polisi." Mzee Dinh akachukua chai yake akaenda.

Khuyen hakubisha. Alikusanya karatasi zake, akazifunga kwa mpira wa baiskeli, akatuaga sisi wote wawili kwa majina.

Tet ikapita. Alikuja tena Machi, kwenye ule msimu wa unyevu ambapo hata kuta hutoka jasho. Alisema yule mwenye duka alinunua kwa mtu mwingine mwenye mhuri. Tambi zake tani mbili zilikaa stoo, manyunyu ya majira ya kuchipua yakazikuta, zikaota ukungu. Lua alizimwaga mtoni mwenyewe, kapu kwa kapu. Kisha akapanda treni kwenda kusini, Bien Hoa, kushona viatu kiwandani, ili deni la wanga lilipwe.

"Ameniambia ni mwaka mmoja," Khuyen akasema. "Karakana imekuwa kimya mno. Nageuka kumwita, naona vichanja vitupu."

Shangazi akashika kalamu, akaiweka tena mezani. Khuyen akadhani anamwonea huruma, akaongeza: "Lakini wewe dada sitakusahau. Ofisi zote nilizopita, ni wewe peke yako uliyenitendea kama mtu."

Wiki ileile shangazi Thoan aliandika barua ya kuomba kuhamishiwa chumba cha majalada ya zamani, chini, mwisho wa korido, mahali ambapo raia hawafiki. Mzee Dinh alishangaa, akakubali. Mimi nikabaki na dirisha.

Januari ya mwaka 2000 sheria mpya ya kampuni ikaanza kazi. Mzee Dinh alituita ukumbini akatusomea orodha ya vibali vilivyofutwa. Alisoma kwa muda mrefu. Barua ya kata, imefutwa. Historia ya baba, imefutwa. Cheti cha daktari, kimefutwa. Nyuma yangu mtu wa chumba namba tano alinong'ona, "Basi tufutwe na sisi," na mwenzake akamwambia, "Wewe ulishafutwa siku nyingi, unasubiri mhuri tu." Shangazi Thoan aliketi karibu na mlango. Cheti cha daktari kilipotajwa, alitoka nje.

Majalada yaliyokwama yalishushwa kwake kwa toroli. Nilimsaidia kuyapanga. Jalada la Khuyen lilipofika mkononi mwake hakulipanga. Alilishika kifuani kama mtu anayesubiri kuitwa.

Khuyen akaja Februari na karatasi tatu, ndizo zote zilizotakiwa sasa. Siku ya tisa nilimpa cheti chake cha kampuni. Alikigeuza nyuma na mbele, akitafuta kilichobaki.

"Ndiyo imekwisha?"

"Imekwisha, mjomba."

"Na dada Thoan yuko wapi? Nataka akione."

Nikashuka mbio. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kufikia rafu za juu, mikono imejaa vumbi.

"Mwambie nimekwenda wilayani," akasema.

"Shangazi, amekuja kukuona wewe."

"We mtoto, mwambie hivyo."

Nikamwambia hivyo. Akakaa kwenye benchi saa mbili, huenda mtu wa wilayani akarudi. Mwishowe aliacha pakiti ya tambi dirishani, akawasha pikipiki. Niliposhuka na pakiti ile nilimkuta shangazi amesimama kwenye kidirisha cha juu, kile cha kupitishia hewa, akiwa juu ya ngazi, anatazama lango.

Alitaka sana kumwona, na alijizuia kwa miaka mitatu na zaidi. Hapo ndipo nilipojua kuwa kutamani kunaweza kuwa kazi ya kila siku, kama kufagia. Tambi za Khuyen zilianza kuonekana sokoni kwetu, kwenye mifuko ya nailoni yenye jina la kampuni: Lua. Aliipa kampuni jina la binti. Shangazi alinunua mfuko kila Jumamosi. Mwenye kibanda alimtania, "Mama, unalisha jeshi?" Alikula peke yake, katika kile chumba kimoja cha nyumba za wafanyakazi, na nikimtembelea aliniuliza kama ninaona tambi za mwaka huu ni nyeupe zaidi kuliko za mwaka jana. Sikuona tofauti. Nilisema ndiyo.

Nilimwambia siku moja, "Nenda kamwambie. Hata akikufukuza."

"Akinifukuza si neno," akasema. "Akinishukuru tena je?"

Novemba 2003 alipanda baiskeli yake asubuhi ya Jumapili akaenda. Aliyonisimulia ndiyo haya.

Alimkuta Khuyen uwanjani, katikati ya vichanja vya mianzi, tambi zimeanikwa kama mapazia mpaka ukingo wa mto. Alikuwa na wafanyakazi kumi sasa. Nywele zake zilikuwa nyeupe. Alipomwona aliacha kazi, akapangusa mikono kwenye suruali. Akamletea kigoda na chai. Shangazi hakuketi.

"Kaka Khuyen, ile karatasi ya daktari. Jina lako."

"Mambo ya zamani hayo, dada."

"Ningeweza kuiandika mwenyewe. Nilikuwa na mhuri kwenye mtoto wa meza. Nilikurudisha ili uje tena."

Shangazi aliniambia Khuyen hakuelewa mara moja. Aliuliza, "Nije tena kufanya nini?" Kisha uso wake ukabadilika, akageukia vichanja, akaanza kugeuza tambi, kichanja kimoja baada ya kingine. Shangazi alibaki palepale. Hakujua aondoke au abaki. Mwishowe akamfuata, akashika upande wa pili wa kichanja, wakageuza wote mstari mzima mpaka mtoni.

Kule mwisho Khuyen akasema, "Ungeniambia tu nije. Ningekuja."

"Sikujua kusema."

"Lua alisema mwaka mmoja. Ameolewa hukohuko. Nina mjukuu nimemwona kwenye picha." Akanyoosha uzi mmoja wa tambi. "Siwezi kukuambia si kitu, dada. Ningekuwa nakudanganya."

"Sikuja uniambie si kitu."

"Nilikuwa nakuja ofisini kwenu nikiwa nimevaa shati la harusi yangu," Khuyen akasema. "Kila mara. Lua alinicheka."

Hapo shangazi, alipokuwa akinisimulia, aliomba nimpe maji.

Baada ya Tet Khuyen alimwachia karakana mtoto wa kaka yake, akahamia kusini kwa binti. Alipita ofisini kubadilisha jina la msimamizi wa kampuni. Ilichukua dakika ishirini. Safari hii sikutumwa kusema uongo. Shangazi alipanda mwenyewe, wakaketi kwenye benchi bega kwa bega, magoti yao yameelekea dirishani kwangu. Sikusikia walichosema, na hawakusema kingi. Alipoondoka alimwachia anwani, imeandikwa kwa herufi kubwa kama za mtoto wa shule.

Wakaandikiana. Barua mbili kwa mwaka, wakati mwingine tatu. Shangazi aliziweka kwenye jalada la ofisi, lile lenye kamba. Mara mbili alikata tiketi ya treni, mara mbili akairudisha. Alisema likizo haitoshi, alisema kifua kinambana. Alipofikisha miaka hamsini na mitano mwaka 2009, akastaafu, akaishiwa na visingizio. Nilimsindikiza stesheni ya Nam Dinh na kikapu cha machungwa na mkate. Siku mbili njiani kwenye kiti cha mbao, mwanamke mwenye kifua kibovu.

Alikaa kule siku nane. Nilimpokea aliporudi, nikampakia nyuma ya pikipiki yangu. Tulipofika kwake akaoga, akachemsha maji, ndipo akaanza kusimulia.

Khuyen alimpokea stesheni akiwa na fimbo. Lua alipika vizuri, akamtandikia kitanda, na kwa siku tatu alimwita "mgeni" tu. Siku ya nne walikuwa wakichambua mboga, wao wawili, na Lua akasema bila kuinua uso:

"Baba alinieleza zamani. Anasema hukuwahi kuchukua bahasha ya mtu."

"Sikuwahi."

"Ungechukua bahasha tu, shangazi. Tungekupa. Ningekuwa nyumbani."

Waliendelea kuchambua mboga mpaka zikaisha. Lua hakurudia neno lile. Lakini alikuwa amemwita shangazi, na kesho yake alimchukua kwenda naye sokoni, akamnunulia ndala kwa sababu zake zilikuwa zimekatika, akamwonyesha kibanda kinachouza tambi zenye jina lake mwenyewe, zimesafiri kutoka mtoni kwetu mpaka kule. Lua alishika mfuko, akaunusa, akaurudisha mahali pake.

"Na mjomba Khuyen?" nikauliza. "Alisema nini?"

"Jioni tulikaa mlangoni. Anapenda kuangalia watu wanavyotoka kiwandani. Alinishika mkono." Akamimina chai, akanipa ya kwanza. "Siku ya kuondoka aliuliza mwakani nitakuja mwezi gani."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia nitaandika. Treni ilikuwa imeshaanza kutembea."

Aliandika wiki ileile. Nilimpelekea barua posta mwenyewe. Kabla hajaifunga bahasha niliona: alikuwa ameandika Februari, akaikata, akaandika Januari, juu yake.